Ukoga ndani ya mpira wa Baba

Lindi, Jumatano jioni

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nililia. Baba ameshatumia dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara tatu, homa inatulia siku chache kisha inarudi, na unauliza kama dawa ni feki au kuna mkono wa mtu. Mimi nakuuliza moja tu: huo mpira wa mkojo aliowekewa kwa ajili ya tezi dume umebadilishwa lini? Umetaja vidonge, sindano, hata maji ya dafu. Mpira hukuutaja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda kuchokoa pweza Mikindani maji yakipwa, ukateleza ukachubuka goti? Jiwe lile lilipigwa na maji usiku na mchana na utelezi haukutoka. Ndani ya mpira wa Baba mna utelezi wa namna hiyohiyo. Kwetu maabara tunauita utando wa bakteria, ila mimi neno la bibi lanitosha: ukoga. Hata ukoga wa meno ni bakteria walioshikamana. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa huko Delft, Uholanzi, aliukwangua wa meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe, akaona vidudu vinatembea. Baadaye akagundua kuwa siki inaua walio nje ya ukoga tu, haipenyi ndani. Ndiyo hali ya Baba leo.

Mara nyingi anayeleta UTI ni bakteria aitwaye E. koli, mkaazi wa utumbo. Mwili wake una vinywele, na kwenye ncha ya kila kinywele kuna protini iitwayo FimH inayonasa sukari ya manosi juu ya seli za kibofu. Mimi hili halijaacha kunishangaza: mkojo unapopita kwa nguvu, pale ambapo ungedhani atang'oka, ndipo anapokaza. Ni kitanzi cha kunasia ndege, ukivuta kinazidi kubana. Mkondo ukipungua naye hulegea, akasogea, akashika pengine. Wengine huingia hadi ndani ya seli na kuzaana humo.

Mpira hauna seli, lakini ukishawekwa tu hupakwa protini za mwili, na bakteria hushika hapo. Wakishakuwa wengi hutoa ute wa sukari, protini na vinasaba, wakajifukia humo. Walio chini hupata chakula kidogo, hukua polepole, na dawa nyingi humpata vizuri yule anayekua upesi. Ndiyo maana bakteria wa kwenye ukoga wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko wanaoelea. Dawa inaua wanaoelea, homa inashuka, mnamshukuru Mungu, kisha wale wa ndani wanabanduka na kuanza upya. Na zile chenga nyeupe zinazoziba mpira, huenda ni kazi ya bakteria aitwaye Proteus: huvunja urea, taka iliyomo kwenye mkojo, ikawa amonia, mkojo ukapoteza asidi yake, chumvi zikaganda.

Nimekasirika, Somoe. Mmekwenda mahali palepale mara tatu na hakuna aliyeuangalia mpira.

Kwa hiyo usinunue dozi ya nne dukani. Mgonjwa akipata homa na mpira umekaa zaidi ya wiki mbili, unabadilishwa kwanza, ndipo mkojo wa kuotesha bakteria maabara unachukuliwa kwenye mpira mpya. Mkojo wa mpira wa zamani unatuonyesha wakaazi wa ukoga, si lazima wanaomwumiza. Baadaye, akishapona, karatasi ya majibu isikutie hofu: kwa kila siku ya kuwa na mpira, wagonjwa kama 3 hadi 7 katika 100 hupata bakteria kwenye mkojo, na ukitimia mwezi karibu wote wanao. Bila homa wala maumivu, kwa kawaida hawatibiwi. Pia mwulize daktari kama kuna njia ya kuutoa mpira kabisa, upasuaji wa tezi au dawa, maana hili hakuna aliyewaambia.

Kama leo homa imepanda, anatetemeka au anaongea yasiyoeleweka, msinisubiri. Mpelekeni hospitali Mtwara usiku huuhuu, na neno la kwanza liwe mpira. Akiwa ametulia na anaweza kusafiri, pandeni basi la kesho asubuhi mje kwangu. Mkifika Mnazi Mmoja, pale njia panda kabla ya Lindi, nipigie, nitatoka kazini nije stendi. Mfuko wa mkojo uwe chini ya kibofu chake njia nzima, usiupakate, mkojo usije ukarudi juu.

Msalimie Mama.

Wako,
Zuhura