Vali ya choo cha boti ifungwe upande wa ziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo abiria wengi hulijua kwa pua tu: choo cha boti. Mimi ni fundi wa pampu na mabomba ya boti hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwaka wa 14 sasa.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye boti ya abiria inayokwenda visiwani. Shida ilikuwa harufu. Baharia, kijana mwenye bidii, alikuwa akimimina jiki chooni kila asubuhi akiamini anasafisha. Nikamwambia, "Mdogo wangu, unaua wanaokufanyia kazi." Ndani ya tangi la kinyesi wamo bakteria wanaohitaji hewa, nao wakiipata huozesha uchafu bila kunuka sana. Jiki huwaua. Hewa nayo ikikosekana, hutawala wale wanaotoa gesi ya yai viza, na gesi hiyo ikijaa tangini inaua mtu. Tulikuta bomba la kupumulia limezibwa na kiota cha nyigu. Tukazibua. Mpira wa majitaka nikaufunga kitambaa kilicholowa maji ya moto, kilipopoa nikakinusa. Kilinuka, maana yake mpira umekwisha na dawa yake ni kuubadilisha tu.

Kilichoniuma ni vali ya njia tatu, ile inayochagua uchafu wa choo uende tangini au ziwani. Tangi limejaa, na mkono wa vali umeelekezwa ziwani. Nahodha hakunificha: "Fundi, tukifika gatini nani anakuja kulinyonya tangi?" Sikuwa na jibu.

Wapo wanaosema hata sheria ya kimataifa, MARPOL, inaruhusu meli kumwaga majitaka ya choo ikiwa zaidi ya maili 12 kutoka nchi kavu. Ile ni ya bahari, kwenye chumvi. Letu ni ziwa la maji baridi. Mayai ya kichocho cha tumbo yanayotoka na kinyesi huanguliwa humu humu, vijidudu vikaingia kwenye konokono, na baada ya wiki kadhaa vikatoka kutafuta ngozi ya mtu: mtoto anayeoga mwaloni, mama anayeosha vyombo, mvuvi anayevuta nyavu. Na maji ya bomba tunayokunywa mjini, yale yanayovutwa Capri Point, ni ya ziwa hili hili.

Magari ya kunyonya majitaka tunayo, kila siku yananyonya vyoo vya majumbani kwetu. Yapangiwe siku za kufika gatini, na gharama iingizwe kwenye ada ya gati ili nahodha asione anatozwa peke yake. Wakaguzi nao, wanapohesabu majaketi okozi, wafungue na kile kifuniko cha chini waitazame vali. Njia yake ya kwenda ziwani iwe imezibwa, na mkono wake umefungwa kwa waya na kupigwa lakiri.

Boti yoyote ya hapa Mwanza itakayoniita kuifunga vali hiyo, sitatoza. Mbili nimeshazifunga.

Fundi wa boti,
Kirumba, Mwanza