Konda hazaliwi na mdomo mchafu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita kuna msomaji kaandika kwamba makonda wa daladala hapa Dar ni watu waliokosa malezi, eti mama zao hawakuwafunza. Nilisoma nikiwa dukani nikacheka, halafu nikakasirika, maana mimi nilikuwa konda miaka minne, Kosta ya Gongo la Mboto Kariakoo, na mama yangu alinifunza vizuri tu, hadi leo mtu mzima hapiti mbele yangu bila shikamoo.

Ngoja niwaambie ilivyo. Saa kumi na nusu alfajiri mnatoka na tayari mnadaiwa. Gari ni la tajiri na tajiri anataka hesabu yake 80,000 jioni, kwangu ilikuwa hiyo, iwe imenyesha mvua Kariakoo nzima imejaa maji au trafiki wamewakamata, yeye hayo hayamhusu. Mafuta juu yenu. Kikibaki ndo mnagawana we na suka, yaani dereva, kisipobaki mnaenda kulala hivohivo. Sasa ukimwona konda anamzuia mwanafunzi mlangoni ujue kichwani anapiga hesabu, denti enzi zangu alilipa 200 na kusimama palepale ambapo angesimama mtu mzima anayelipa zaidi ya mara mbili. Sijitetei. Nimefanya hayo. Kuna katoto kamoja ka kike pale kituo cha Banana nilikashusha mguu ukiwa tayari kwenye ngazi, daftari likamdondoka nami nimeshagonga bodi, suka kaondoa gari. Lilikuwa limejaladiwa kwa gazeti, tena lenu nadhani. Miaka imepita na hilo daftari silisahau.

Na kazi yenyewe nani alinifundisha? Hakuna aliyekaa chini akanifundisha, nilining'inia mlangoni na jamaa mmoja mzoefu wiki mbili namwangalia tu, anavyokunja noti kwa urefu anazipanga katikati ya vidole, anavyomkata abiria kauli, anavyosema hana chenji huku mfuko umejaa sarafu. Neno pekee aliloniambia ni kwamba ukicheka na abiria utalala njaa. Wiki ya tatu nikajisikia natoa sauti yake, yani ileile, hata kikohozi.

Mdogo wangu anasoma ualimu, nilipomsimulia haya akaniambia mbona hiyo kitu wanafundishwa darasani. Kuna mzee anaitwa Albert Bandura, mwanasaikolojia Mkanada aliyefundisha chuo cha Stanford kule Marekani miaka mingi, kafariki 2021. Jaribio lake lilichapishwa 1961, watoto 72 wadogo wa chekechea, baadhi wakamwona mtu mzima anampiga mdoli mkubwa wa kujaza upepo, ngumi, nyundo, na maneno juu. Baadae wakaachwa na mdoli na vitu vingine vya kuchezea, wale walioona kipigo wakampiga vilevile na wengine hata maneno yaleyale wakayarudia. Nikamwambia basi huyo mdoli ni abiria wa Gongo la Mboto.

Ila akaniambia Bandura hakuishia hapo, na hapa ndo namjibu yule msomaji, na pia wale wanaosema kosa lote ni la mazingira. Alisema mtu alivyo, anachofanya na mazingira yake, vyote vitatu vinavutana, kila kimoja kinamgeuza mwenzie. Nikamkumbuka konda mmoja wa ruti yetu tulimwita Shehe, si shehe wala nini, ni upole tu. Hesabu ileile, foleni ileile ya Tazara, vumbi lilelile. Lakini yeye anaanza asubuhi na chenji kwenye kopo, anakwambia mama kaa kwanza, 500 yako naikumbuka. Basi abiria wakamjua, wengine wanaacha gari mbili zipite wanasubiri ya Shehe, wakipanda nauli wanayo mkononi, mtu akishuka anaaga. Na yeye kwa kuwa hagombani na mtu ikifika saa mbili usiku bado ana upole wa kutosha. Gari langu mimi mtu anapanda kashakunja uso, pesa sijashika ananiambia konda chenji yangu usinifanyie mchezo, namjibu, ananijibu, mwingine wa siti ya nyuma anadakia. Ule moto niliuwasha mwenyewe halafu nalalamika naungua.

Mbaya zaidi haubaki kwenye gari. Usiku mmoja mke wangu kasimama mlango wa jikoni, nataka kupita, nikamwambia sogea nyuma huko kuko wazi. Watoto walicheka sana. Yeye hakucheka.

Kwa hiyo mkitaka makonda wenye adabu msianze na semina, anzeni na hesabu. Konda na dereva walipwe mshahara, tajiri abebe mafuta yake, halafu hao watakaobaki na mdomo mchafu hapo tuwaulize malezi, maana watakuwepo, siwezi kuwadanganya, tabia ikishamwingia mtu haiondoki siku anayobadilisha kazi. Mimi nauza vifaa vya ujenzi sasa hivi, mwisho wa mwezi nina changu, na bado ilinichukua karibu mwaka sauti kushuka.

Mwezi jana aliingia mama mmoja kununua misumari, akaniangalia weee, akasema wewe si yule konda. Nikamwambia ndo mimi, shikamoo mama, nikampa mzigo wake na chenji. Akaitikia marahaba, halafu akaihesabu ile chenji mara mbili palepale mbele yangu.

Konda wa zamani,
Ukonga, Dar es Salaam