Vijiji vya enzi za Warumi vipo hata Rufiji, na vinazolewa na malori ya kifusi

Mhariri,

Miaka mingi nimelisoma gazeti lenu bila kuwaandikia, lakini ile habari yenu ya ukurasa mzima kuhusu kijiji cha enzi za Warumi kilichofukuliwa Uingereza imenikera, na nikinyamaza nitakuwa nimeikubali.

Habari yenyewe mliiandika vizuri. Kabla ya kuijenga upya barabara ya A14 kati ya Cambridge na Huntingdon, wachimbaji wa mambo ya kale zaidi ya 200 waliingia kazini kuanzia mwaka 2016, wakafukua mashamba, mitaro, tanuru za vyungu na makaburi ya wakulima wa kawaida walioishi chini ya utawala wa Rumi. Nawasifu Waingereza kwa hilo. Kilichonikera ni pale mwishoni mliposema kwamba huku kwetu hakuna vijiji vya umri huo, historia ya pwani yetu inaanzia kwenye magofu ya Kilwa. Nani kawaambia?

Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba mahali paitwapo Limbo, akachimba na Mkukutu, na kazi yake imeonyesha kwamba kuanzia kusini ya Dar es Salaam hadi Rufiji walikaa wakulima na wafua chuma katika karne za mwanzo baada ya Kristo, wakati uleule Warumi wanatawala Uingereza. Mwaka 1999 alichapisha habari za shanga za kioo kutoka delta ya Rufiji, akazihusisha na biashara ya Rumi. Na ile Periplus, kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, inaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii: watu walitoa pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, wakapokea mikuki, vishoka, visu na vitu vya kioo. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana. Vijiji havina ubishi, vigae vyake, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, tunavikanyaga tukienda shamba.

Sasa niwaambie yaliyotokea kwetu, upande wa Kibiti. Kuna kilima ambacho wazee walikiita cha wahunzi, na kila tukilima pale jembe linagonga mavi ya chuma, yale mabaki ya kuyeyusha chuma, mazito, meusi, yenye matundu, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo yaliyopeleka upepo wa mivukuto tanuruni na midomo ya vyungu minene iliyochongwa ukingoni. Ujanani nilipata kibarua cha kuchekecha udongo kwa watafiti, kwa hiyo najua ninachokiona. Mkandarasi wa barabara akaja na kijiko na malori, akaanza kuzoa kifusi kutoka kilima hichohicho. Nikamwendea msimamizi na kigae mkononi. Akaniambia, "Mzee, vyungu hata kwangu vipo." Nikapanda pikipiki hadi kwenye ofisi inayohusika, nikavitandaza vile vigae mezani, na bwana mmoja, bila hata kukigusa kimoja, akaniuliza, "Hapo kuna magofu?" Nikamjibu kwamba watu wale walijenga kwa miti na udongo, nyumba zimeoza, kilichobaki ni hiki. "Basi hakuna kitu, mzee wangu. Andika barua." Niliandika. Hadi leo sijajibiwa, na nusu ya kilima imeshashindiliwa chini ya barabara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Haisemi lazima kiwe ukuta wa mawe! Na hasara yenyewe hairudishiki. Mchimbaji hushuka taratibu na mwiko, tabaka kwa tabaka, kwa sababu kigae kikikutwa pamoja na makaa ya moto wa siku zile, makaa yanapimwa na umri wa kigae unajulikana. Kijiko kikishavichanganya, huwezi tena kujua nani alikaa pale, lini, wala kama shanga ya ng'ambo iliangukia sakafuni mwa nyumba au kwenye jalala.

Watafiti nao nina neno nao. Wanakuja, tunawapokea, vijana wetu wanachimba na kuchekecha, masanduku yanapakiwa kwenye gari, kisha kimya. Ripoti inatoka kwa Kiingereza katika majarida ambayo hata mwalimu wa historia wa sekondari yetu hayapati. Mwanafunzi wa Kibiti anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba chuma kiliyeyushwa kwenye ardhi anayoilima baba yake.

Ninachotaka hakihitaji bajeti ya Uingereza. Kabla ya kibali cha machimbo ya kifusi kutolewa popote kati ya Mkuranga na Utete, mhitimu mmoja wa akiolojia alipwe na mkandarasi, atembee eneo hilo kwa siku mbili akiwa na mzee wa kitongoji, tena iwe kiangazi, mashamba yameshasafishwa na udongo unaonekana. Akikuta vigae na mavi ya chuma, kifusi kitafutwe pengine. Kila mtafiti atakayechimba aache kurasa mbili za Kiswahili kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na vigae vichache kwenye kabati la kioo lenye kufuli shuleni, ufunguo akae nao mwalimu wa historia.

Kwetu umebaki upande wa magharibi wa kilima, wenye mikorosho, na tumeambiwa malori yatarudi mvua zikikatika. Mkimtuma mwandishi kabla ya hapo, nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Kibiti, Pwani