Kabla ya kulipia safari ya mashindano, ulizia tiketi kwanza

Ndugu Mhariri,

Kila mashindano makubwa yanapokaribia, yawe Kombe la Dunia au Olimpiki, mitandao hufurika matangazo ya safari kamili: ndege, hoteli na tiketi ya kiingilio, vyote kwa bei moja. Wengi hukagua ndege na hoteli, wakaisahau tiketi ya kiingilio, ilhali ndiyo inayowapeleka huko.

Swali la kwanza kwa wakala liwe hili: tiketi unazo mkononi, au unategemea kuzipata? Wapo wanaouza wasichonacho, wakitarajia kununua bei itakaposhuka siku za mwisho. Bei ikipanda, mteja anaambiwa tiketi "zimechelewa", na wakati huo ameshafika ugenini. Marekani ina kanuni inayofaa kuigwa: anayetangaza safari ya ndege yenye kiingilio cha tukio maalumu sharti awe na tiketi, au mkataba wa maandishi wa kuzipata, kabla ya kutangaza; asipozikabidhi, anatakiwa kumrudishia mteja bei ya safari nzima. Mahali pasipo na sheria hiyo, dai sharti hilo liandikwe kwenye mkataba wako. Ukikuta maneno "kulingana na upatikanaji", wakala hajakuahidi tiketi yoyote.

Soma pia utaratibu wa waandaaji wenyewe. Katika Olimpiki ya Paris 2024, kwa mfano, tiketi zilikuwa za simu, ndani ya programu rasmi. Aliyeuziwa karatasi au picha ya msimbo alikuwa ameshaibiwa.

Upande wa ndege, hila nyepesi kuliko zote ni kushikilia nafasi bila kuilipia. Unatumiwa karatasi yenye jina lako, tarehe na namba ya uhifadhi yenye alama 6 kwa jumla, herufi na tarakimu. Ukiiingiza kwenye tovuti ya shirika la ndege, safari inaonekana, nawe unatulia. Lakini namba hiyo ni ya nafasi tu. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake ya tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika lililoitoa. Bila hiyo, muda wa malipo ukipita nafasi inafutika yenyewe, pengine kesho yake.

Hoteli ikague kwa simu, na namba itafute kwenye tovuti ya hoteli, usiitoe kwenye karatasi ya wakala, maana anayepokea huenda akawa mwenzake. Uliza jina lililoandikwa, tarehe za kuingia na kutoka, kama chumba kimelipiwa, na kama kinaweza kufutwa bila gharama. Hapo mwisho ndipo penye mtego: tapeli huweka nafasi inayofutika bure, hukutumia uthibitisho halali kabisa, kisha huifuta jioni ileile. Piga tena kabla ya kumalizia salio.

Kwenye malipo, kadi ya mkopo inafaa zaidi kwa sababu unaweza kuiomba benki ipinge muamala endapo huduma haikutolewa. Pesa iliyotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, au kwa sarafu za kidijitali, hairudi kirahisi. Kampuni inayojitangaza kwa jina moja na kupokea pesa kwa jina jingine iache hapohapo. Alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti isikutulize; matapeli nao wanayo. Afadhali uangalie anwani hiyo ilisajiliwa lini, taarifa ambayo hupatikana bure mtandaoni. Anayejinadi kwa uzoefu wa miaka 15 huku anwani yake ina miezi 2 ana maswali ya kujibu.

Viza nayo haiuzwi pamoja na tiketi, na hakuna wakala mwenye uwezo wa kuihakikisha. Mahujaji wawe waangalifu zaidi: Saudi Arabia hairuhusu kuhiji kwa viza ya matembezi, na anayekamatwa hukabiliwa na faini na kurudishwa kwao.

Aliyekwisha kulipa akashtuka aipigie benki yake siku hiyohiyo, ahifadhi tangazo, ujumbe na risiti kabla kurasa hazijaondolewa, kisha aripoti polisi. Akitokea baadaye mtu anayedai anaweza kuzirudisha pesa hizo kwa ada ya kutangulizwa, asimpe hata senti. Orodha za waliotapeliwa huuzwa, na mpigaji huenda akawa wa genge lilelile.

Mdau wa usafiri