Njia mtaachiana wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua. Sio kawaida yangu kuandika, ila ile barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa juzi imenikera, ile inayosema Dar imejaa na serikali iwarudishe vijana mikoani wakalime. Kila mwaka masika yakianza, foleni ikizidi na maji yakijaa bonde la Jangwani lazima atokee mtu na hoja hiyo, na ukimuuliza na yeye kwao wapi utasikia Kilimanjaro, sijui Lindi, sijui Kigoma, ila yeye alikuja zamani kwa hiyo hahesabiki.

Hiyo dawa ishajaribiwa jamani. Mwaka 1983 ilipokuja Sheria ya Nguvukazi watu walioonekana hawana kazi maalumu walikamatwa mitaani humu humu mjini wakapelekwa vijijini. Marehemu baba alikuwa akitusimulia huku anacheka, maana jirani yake mmoja pale Keko alizolewa Jumatatu, haikupita wiki mbili yuko barazani anakunywa kahawa kama kawaida. Sensa ya 1978 ilikuta mkoa wa Dar es Salaam una watu 843,090, ya 1988 ikakuta 1,360,850, yaani Nguvukazi imepita hapo katikati na mji wala haukushtuka.

Sasa kuna kitu kwenye sensa hizi za karibuni watu hawakisemi. Kati ya 2002 na 2012 Dar iliongeza watu karibu milioni moja na laki tisa, ikafika 4,364,541. Miaka kumi iliyofuata ikaongeza milioni moja tu na kidogo, 2022 tukahesabiwa 5,383,728. Mtu anaweza kusema aah basi watu wameacha kuja mjini. Thubutu! Angalia mkoa wa Pwani pembeni hapo, 2012 ulikuwa na watu 1,098,668, 2022 wako 2,024,947, karibu mara mbili. Watu wamevuka mpaka tu, wako Vikindu, wako Kiluvya, wako Mapinga, wako Kibaha, asubuhi saa kumi na nusu wanagombania gari wakashuke Kariakoo, na mtu wa Vikindu ukimuuliza unakaa wapi anakwambia nakaa Dar. Na wala hajakosea.

Kwa hiyo mie sibishani na mtu kuhusu watu kuja. Watakuja. Ninachotaka kusema ni kuhusu njia, na hapa sizungumzii flaiova wala mwendokasi, hizo zina wasemaji wake wengi. Nasemea njia ya kufika mlangoni kwa mtu.

Mimi nilinunua kiwanja huku Mbagala ndani ndani mwaka 2008. Kulikuwa na mikorosho, miembe na shamba la muhogo la mzee mmoja mwenyeji wa huku, Mungu amrehemu. Kiwanja kilipimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, hatua za mzee zilikuwa ndefu mwanzoni na fupi mwishoni ila sikusema kitu maana bei ilikuwa nzuri. Mjumbe akawepo, tukaandikishana, nikatoa hela. Nikamuuliza mzee, sasa barabara inapita wapi? Akanyoosha mkono kwenye mikorosho akasema "njia mtaachiana wenyewe, si mtakuwa majirani."

Mwanzoni kweli tuliachiana. Nilipoanza msingi Fuso la mchanga lilikuwa linafika mpaka kiwanjani, linageuza, linaondoka. Miaka mitatu mbele napaua, Fuso likagoma kuingia, bati zikaja na kirikuu. Nilipojenga choo cha nje tofali zililetwa na guta. Mwaka juzi nimekarabati uwani, saruji imeshushwa kule barabarani ikaja mfuko mmoja mmoja kwa toroli, na toroli lenyewe linakwaruza kuta za watu, kuna mama akatoka na ufagio. Mtu akitaka kujua mji unavyojaa asisumbuke na takwimu, aulize tu mchanga unafikaje kwako.

Na hakuna mtu mbaya mmoja aliyekaa akasema leo naziba njia. Huyu kaongeza baraza, yule kaweka tenki la maji nje ya ukuta, mwingine kafungua kibanda cha duka, mzee wa kona kafariki watoto wakagawana kiwanja vipande vinne na kila kipande kikajengwa vyumba vya kupangisha mpaka ukingoni, maana chumba kimoja ni kodi ya miezi sita mkononi, nani ataacha? Mimi mwenyewe naomba nikiri hapa mbele ya wasomaji. Mwaka 2014 najenga ukuta, fundi kaniuliza, "bosi tusogee kidogo? Mbona wenzako wote wamesogea." Nikamwambia sogea. Nusu mita tu.

Nusu mita ile nilikuja kuiona saa nane ya usiku. Mke wa mpangaji wa nyumba ya tatu alishikwa na uchungu, bajaji ikaitwa, ikaishia kule kwenye kona ya genge haiwezi kupita. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, tochi za simu mdomoni, tukaanza kutoka naye. Kufika kwenye kona ya ukuta wangu kiti hakikati. Tukajaribu kumgeuza ubavu, haiwezekani, mwenyewe analia anasema nishusheni nitembee, tukakinyanyua kiti juu ya vichwa mpaka kikapita juu ya ukuta na chupa nilizopanda mie mwenyewe kwa ajili ya wezi zikamchana jamaa mmoja mkono. Shoga yake aliyekuwa amebeba beseni na khanga akanigeukia palepale, "Baba Zai, ukuta wako huu!" Hakusema kingine. Alijifungua salama, mtoto sasa hivi yuko chekechea na kila siku anapita pale pale kwenye kona, ila mie nikikutana na yule shoga mtu huwa najifanya naangalia simu.

Na hiyo ndio ilikuwa usiku mzuri. Nyumba ikiungua huku gari la zimamoto linabaki barabarani na ving'ora vyake, watu tunazima kwa ndoo na mchanga. Majitaka je? Gari la kunyonya linasimama mbali, mpira haufiki, kwa hiyo shimo la choo likijaa ama unawaita vyura, wale vijana wa kutapisha vyoo kwa mikono, waje kupakua usiku kwa ndoo na kufukia hapo hapo uwani, ama unasubiri mvua kubwa utapishe. Wasiojua kutapisha ni nini wawashukuru wazazi wao. Unatoboa pembeni ya shimo mvua ikipiga, yanaondoka na maji ya mvua kwenda kwa jirani wa chini, na jirani wa chini naye anatapisha kwenda kwa wa chini yake, halafu kipindupindu kikija tunaambiwa tunawe mikono.

Wanaosema haiwezekani kupanga mji wa watu masikini waende Sinza. Sinza ilipimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja uliokuwa na pesa za Benki ya Dunia, haikuwa ya matajiri, watu walipewa viwanja vya kawaida tu wakajenga wenyewe pole pole. Manzese hapo jirani ilikuwa imeshajengeka watu walivyoweza, ikabidi mradi uje kuitengeneza watu wakiwa ndani. Leo tembea zote mbili kwa miguu, ni mwendo mfupi. Sinza kuna baa, kuna kelele, kuna nyumba zimekuwa ghorofa, vurugu zote za mjini zipo lakini gari la takataka linaingia mtaani. Tofauti yake ni mistari iliyochorwa kabla. Hata ule mradi wa viwanja 20,000 wa miaka ya 2000 pale Kibada na Toangoma barabara zipo, kasoro yake ilikuwa bei, mlalahoi hakuvigusa, vingi vilikaa nyasi miaka na miaka vinasubiri kupanda thamani huku sisi tunapimiana kwa hatua kwenye mihogo.

Kusubiri tujenge ndio mtuletee barabara ni gharama kuliko kitu chochote. Wa Kimara mpaka Kiluvya wanajua, 2017 nyumba zilipigwa X na kubomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, watu wamelala nje na vyombo vyao. Huku kwetu tuliletewa urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja tukiwa tumeshajenga, kampuni moja ikapita inachangisha, mie nililipa laki na nusu, vijana wakaja na mashine zao wakapanda mawe ya mipaka, na kwenye mchoro wakaonyesha njia ya mita nne pale penye kichochoro chetu. Mita nne zitoke wapi? Upande huu ukuta wangu, upande ule vyumba vya mtu. Mchoro upo, mawe yapo, mita nne hazipo, na ile kampuni nayo haijaonekana tena.

Ndio maana Mhariri naandika kabla hamjachelewa kule mbele mkoani Pwani. Mkuranga bado kuna mikorosho. Kisarawe bado, Mlandizi bado kuna mapori. Halmashauri zile leo hii zingeweza kuchukua greda siku mbili tu zikatifua barabara kwenye shamba la mtu kabla hajauza kipande cha kwanza, bila lami, bila taa, tope tu lakini pana, mawe yakapandwa na mjumbe akaambiwa hapa mtu asisaini mauziano. Mwenye shamba hapati hasara, kiwanja chenye barabara si kinauzika bei zaidi? Apoteze kipande apate hela nzuri kwenye vinavyobaki. Kulipa fidia ya nyumba ya vyumba sita na wapangaji wake baada ya miaka kumi na tano, hiyo ndio hakuna halmashauri itaiweza, tuache kudanganyana.

Wala sisemi haya kwa kusikia. Jumamosi iliyopita nimemsindikiza shemeji yangu huko mbele ya Vikindu kuangalia kiwanja. Dalali kijana mdogo, kofia, viatu vyeupe, anaongea simu mbili. Akapima kwa hatua. Nimesimama pale kwenye mwembe namwangalia anavyorusha miguu nikamkumbuka yule mzee wangu, nikamuuliza kijana, barabara inapita wapi hapa? Akacheka akasema, "mzee wangu njia mtaachiana wenyewe." Neno kwa neno! Nikamvuta shemeji pembeni nikamwambia acha mita tatu upande huu na uandike kwenye karatasi. Akaniambia shemeji wengine wakiacha na mimi nitaacha, kisha akalipa advansi.

Mie nimeshaongea na fundi kuhusu kuvunja ile kona ya ukuta. Jirani wa ng'ambo naye anasema yuko tayari kurudisha vyumba vyake nyuma hatua moja, ila nianze mimi. Nimemwambia aanze yeye. Ndio tunasubiriana.

Msomaji wako,
Baba Zai
Mbagala, Dar es Salaam