Asante sana mzee wangu wa Datong

Jina lako sijui na najua hii hutaisoma, ila lazima nikushukuru hadharani. Ulituona tumekwama na ramani ya simu nje ya hekalu la Kibuddha la Huayan, hapo Datong, China, ukaacha shughuli zako ukatuzungusha mchana mzima, hela ukakataa kabisa.

Bila wewe tungepiga picha tukasepa jamani. Wewe ndo ulotuonyesha kwamba hekalu limeelekea mashariki, wakati mengi ya China yanatazama kusini, sababu Wakhitan, watu wa kaskazini waliotawala huko zamani enzi ya ufalme wa Liao, walikuwa wanaheshimu jua, yote hayo unaandika kwenye simu itutafsirie na huchoki. Afu ule ukumbi wa vitabu vya dini, wa mwaka 1038, mbao zimesimama mpaka leo na makabati yamezunguka kuta, juu kabisa kuna kijumba kidogo cha mbao kimechongwa hadi paa lake, nilibaki mdomo wazi. Ukatusogeza kwa yule Bodhisattva (mtakatifu wa Kibuddha) wa sanamu ya udongo, kasimama peku, viganja kaviunganisha kifuani, midomo imefunguka kidogo meno yanaonekana, yani unaona kabisa mtu anakutabasamia.

Na bado ukatutafutia basi la kwenda mapango ya Yungang, kule walianza kuchonga sanamu za Kibuddha kwenye mwamba kama mwaka 460, ukamwelekeza dereva atushushe wapi!

Mungu akupe afya na umri mrefu baba, na wanao wakutane na watu kama wewe popote waendapo.