Obama alianzia mtaani, si Ikulu

Mhariri,

Vijana wetu wanaotaka udiwani humtaja Obama wa Ikulu. Nawaomba wamtazame yule wa mwaka 1985, aliyefika Chicago kuwaunganisha wakazi wa mitaa maskini ya kusini. Pale Altgeld Gardens, mtaa mmojawapo wa nyumba za umma, watu walitaka kujua kama nyumba zao zina asbestosi, madini yale ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Akaketi nao, wakapanga maswali, wakapanda basi kwenda kuwabana wakuu wa nyumba za umma. Mwaka 1992, baada ya masomo ya sheria, akaongoza uandikishaji wa wapiga kura. Seneti ya jimbo la Illinois alichaguliwa 1996. Miaka 11! Kwetu mtu huhamia wadi miezi mitatu kabla ya kura, wala hajui kisima chetu kilikauka lini.

Mpiga kura,
Kisumu